Majibu ya AFP baada ya upasuaji wa ini husomwa kwa kuanzia kipimo cha kabla

Kati ya karatasi zote anazobeba mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya ini, hakuna inayosomwa kwa hofu kama ile yenye majibu ya kipimo cha damu kiitwacho AFP. Hupigwa picha kwa simu hata kabla mwenyewe hajatoka mlangoni mwa maabara, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kufikia jioni shangazi aliyeko Tanga na binamu anayesomea famasia wameshatoa hukumu mbili zinazopingana. Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wameisoma namba kwa usahihi na bado wasiwe na cha kusema. Majibu ya AFP ya baada ya upasuaji hayajitoshelezi. Maana yake hutoka kwenye kipimo kilichochukuliwa kabla ya kisu kugusa ini, na hicho ndicho ambacho familia nyingi hazikumbuki kukidai.

AFP, yaani alfa-fetoprotini, ni protini ya kawaida kabisa kwa kijusi. Hutengenezwa na mfuko wa kiiniyai na ini la mtoto angali tumboni, kisha hushuka baada ya kuzaliwa hadi kufikia kiwango cha mtu mzima mtoto anapokaribia mwaka mmoja. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, Garri Abelev, pamoja na wenzake walionyesha kwamba panya wenye uvimbe wa ini huirudia protini hiyo ya kijusi, na mwaka 1964 Yuri Tatarinov akaikuta kwenye damu ya binadamu mwenye saratani ya ini. Tangu hapo imekuwa ndiyo kiashiria kinachotumika zaidi kwa saratani inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe. Maabara nyingi huweka ukomo wa kawaida kwa mtu mzima kuwa chini ya nanogramu 10 kwa mililita, nyingine huufikisha hadi 20, na tofauti hiyo peke yake imeshawakosesha watu usingizi bila sababu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba si kila saratani ya ini hutoa AFP. Takribani theluthi moja ya wagonjwa, na wengi zaidi kati ya wenye uvimbe mdogo, huwa na AFP ya kawaida siku ile ile ambayo picha za CT zinaonyesha uvimbe wazi. Sasa mchukue mgonjwa wa namna hiyo: kabla ya upasuaji alikuwa na 6, miezi mitatu baadaye ana 5. Ndugu wanashukuru Mungu, na hakuna ubaya kushukuru, lakini hiyo 5 haijamwambia mtu yeyote lolote kuhusu saratani, kwa kuwa hata uvimbe ulipokuwepo damu ilikuwa kimya. Kwa mgonjwa huyu AFP si kipimo cha kutegemewa katika ufuatiliaji, na fedha za familia zielekee kwenye picha. Mwingine aliyekuwa na 3,200 kabla ya upasuaji akapata 5 ile ile miezi mitatu baadaye, huyo amepata habari njema ya kweli. Anayesoma majibu bila kujua mwanzo hawezi kuwatofautisha wagonjwa hawa wawili.

Huyu wa pili anastahili kutazamwa kwa undani, kwa sababu kwake ndiko kunakozuka hofu isiyo na msingi na pia matumaini yasiyo na msingi. AFP iliyokwisha kumwagwa kwenye damu haipotei siku uvimbe unapotolewa. Hupungua nusu kwa nusu, na kila nusu huchukua kati ya siku 5 na 7. Tumchukulie, kwa mfano tu, mzee wa Mbagala aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na 3,200, uvimbe ukatoka wote, kisha kijana wake akampeleka kupima siku ya kumi na nne kwa sababu tu hakuweza kuvumilia kusubiri. Majibu yakija 700, ukoo mzima utasema upasuaji umeshindikana, kwa kuwa ukomo ni 10 na mzee amezidi mara sabini. Ukipiga hesabu, mambo ni tofauti. Kwa nusu ya siku 7, wiki mbili ni kupungua nusu mara mbili: 3,200 inakuwa 1,600, kisha 800. Kwa nusu ya siku 5 ingekuwa imefika kama 460. Hivyo 700 iko palepale inapotakiwa kuwa, na aliyepaswa kulaumiwa ni yule aliyepima mapema mno.

Endelea na hesabu hiyo hiyo. Katika wiki ya nne mzee anatarajiwa kuwa kati ya takribani 66 na 200. Katika wiki ya nane anatarajiwa kuwa amekaribia au ameshuka chini ya 13. Ikiwa wiki ya nane anakuja na 90, basi namba ambayo ni ndogo sana kuliko ile 700 iliyowatisha watu ndiyo inayopaswa kumfanya daktari anyanyue simu. Imeshuka, ndiyo, lakini imegoma njiani, na AFP inayogoma njiani huweza kumaanisha kwamba kuna seli za saratani zilizobaki kwenye kingo za mkato, au mahali pengine ndani ya ini, au nje yake. Ndiyo maana swali la kumuuliza daktari, kabla ya lile la iwapo AFP imeshuka, ni iwapo imeshuka kwa kasi iliyotarajiwa na iwapo imefika chini.

Nimesema huweza kumaanisha, wala sikusema humaanisha, kwa sababu ini lina sababu nyingine za kutoa AFP. Baada ya kukatwa, ini huota upya, na seli changa zinazogawanyika haraka zinaweza kutoa protini hiyo kwa kiasi kidogo na kwa muda. Halafu kuna jambo linalotuhusu sana katika nchi yetu, nalo ni homa ya ini B. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga wa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi wanaougua saratani ya ini leo walizaliwa kabla yake. Virusi vikichachamaa, ini linavimba, seli zinakufa na nyingine kuzaliwa, na AFP inapanda hadi makumi, wakati mwingine mamia, bila saratani yoyote kurejea. Sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga, ambayo ikiungana na virusi hivyo huongeza sana hatari ya saratani hii, haileti mpando wa namna hiyo wa ghafla, ila husaidia kueleza kwa nini ugonjwa huu upo kwetu kwa wingi.

Namna ya kutenganisha virusi vilivyochachamaa na saratani iliyorejea ipo, na haina gharama kubwa: tazama kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, kilichopimwa kwa damu ya siku hiyo hiyo. AFP na ALT zikipanda pamoja, kisha zikashuka pamoja baada ya mgonjwa kuanzishiwa dawa za virusi kama tenofovir au entecavir, maelezo ya virusi yana nguvu. AFP ikipanda huku ALT imetulia au inashuka, maelezo hayo yanaporomoka na saratani inarudi kuwa mshukiwa wa kwanza. Kwa maoni yangu, karatasi ya AFP isiyoambatana na ALT kwa mgonjwa wa homa ya ini B ni nusu karatasi, na daktari anayeagiza moja bila nyingine anajinyima kitu ambacho karibu kila maabara ya mjini inacho.

Tuje kwenye kaunta ya maabara, maana hapo ndipo mengi huharibika. Mgonjwa wa Dar es Salaam huenda alipimwa mara ya kwanza katika hospitali ya umma, akapasuliwa India, akarudi na muhtasari wa matibabu uliopigwa chapa vizuri, kisha akawa anapima kila mara pale panapokuwa nafuu: leo Upanga, baada ya miezi mitatu Kariakoo, safari nyingine Tegeta kwa sababu kule hakuna foleni. Binti anayemsindikiza baba yake anaweka karatasi mbili kwenye kaunta na kuuliza, «Kaka, samahani, ya mwezi wa tatu ilikuwa 24, hii ni 29. Imepanda, sivyo?» Kijana wa kaunta, ambaye hakusomea kutafsiri na hana ruhusa ya kufanya hivyo, anamjibu, «Dada, hiyo mpelekee daktari tu.» Jibu lake ni la heshima na ni sahihi, lakini angeweza kumwonyesha kwa kidole herufi ndogo zilizo kando ya namba. Karatasi ya kwanza ilitoa majibu kwa yuniti za kimataifa kwa mililita, ya pili kwa nanogramu kwa mililita, na yuniti moja ya kimataifa ni sawa na takribani nanogramu 1.21. Zidisha 24 kwa 1.21 utapata 29. Hakuna kilichopanda.

Hata pale yuniti zinapofanana, mashine za kampuni tofauti hutumia kingamwili tofauti na hutoa namba zinazopishana kwa damu ile ile. Ndiyo sababu ushauri wa kubaki kwenye maabara moja, ambao wagonjwa huuona kama njia ya maabara kujipatia wateja, una msingi wa kisayansi. Ikibidi kuhama, kipimo cha kwanza kwenye maabara mpya kihesabiwe kuwa mwanzo mpya, na ikiwezekana kifanywe sambamba na cha mwisho kwenye maabara ya zamani.

Lipo pia suala la bayotini, aina ya vitamini B, ambalo sijaona likiulizwa kwenye fomu nyingi za maabara. Vidonge vya kukuza nywele na kucha vinavyouzwa mitandaoni na kwenye maduka ya vipodozi huwa na bayotini kwa kiwango kikubwa, na katika baadhi ya mashine za maabara kiwango hicho huvuruga kipimo cha AFP, majibu yakaja chini kuliko ukweli. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu bayotini na vipimo vya maabara kwa ujumla. Mgonjwa anayefuatiliwa kwa AFP amwambie daktari kila kidonge anachomeza, hata kile anachoona ni cha urembo tu. Upande mwingine wa kosa hilo hilo hutokea AFP inapokuwa juu kupita kiasi: baadhi ya mashine huzidiwa na kutoa namba ndogo ya uongo, na dawa yake ni maabara kuchanganya damu na kimiminika maalumu ili kuipunguza makali kisha kupima upya. Hilo ni nadra baada ya upasuaji, lakini daktari anayeona picha zimejaa uvimbe na AFP ikawa ndogo hana budi kulikumbuka.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo mimi naliona baya kuliko yote, kwa sababu linawatuliza watu badala ya kuwatisha. Karatasi za maabara huweka alama pembeni namba inapozidi ukomo, na isipozidi haziweki kitu. Mgonjwa aliyeshuka hadi 2 baada ya upasuaji, kisha akapata 4, halafu 8, akiwa amepima kila baada ya miezi mitatu, atapokea karatasi zisizo na alama hata moja, na kila safari ataambiwa yuko sawa. Hayuko sawa. Namba inayojizidisha mara mbili kila inapopimwa inatoa habari, hata kama bado iko ndani ya uzio wa kawaida, na kwa mtu ambaye saratani yake ya awali ilitoa AFP habari hiyo inatosha kumpeleka kwenye picha bila kusubiri ifike 20. Ukomo wa kawaida uliwekwa kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuugua. Kwa aliyeugua, ukomo wake ni namba ya chini kabisa aliyoifikia baada ya upasuaji.

Ili kuliona hilo, majibu yote yanatakiwa kukaa kwenye jedwali moja: tarehe, namba, yuniti, jina la maabara, ALT ya siku hiyo, na matokeo ya picha ya karibuni. Daftari la shule la kurasa arobaini na nane linatosha. Ninajua madaktari ambao hawapendi wagonjwa kushika majedwali ya namna hii, wakihofu kwamba mtu asiye na elimu ya tiba atajitisha mwenyewe kwa kila desimali. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, katika jiji ambalo faili la mgonjwa linaweza kugawanyika katika hospitali tatu na jalada la India, mtu pekee aliyekuwepo kwenye vipimo vyote ni mgonjwa mwenyewe, na kumnyima jedwali ni kumnyima daktari wa kliniki ijayo.

Kuhusu vifurushi vya vipimo vya saratani vinavyotangazwa siku hizi, nitasema kwa ufupi. CEA na CA 19-9, viashiria vingine vya saratani kwenye damu, havifuatilii saratani ya seli za ini. CEA ina kazi yake kwa mtu ambaye ini lake liliondolewa uvimbe uliotoka kwenye utumbo mpana, na CA 19-9 kwa saratani ya mirija ya nyongo, ingawa wapo watu ambao kwa maumbile ya damu yao hawawezi kabisa kutengeneza CA 19-9 na watabaki na namba ndogo hata wakiugua. Kwa hiyo kabla ya kulipia kifurushi, mgonjwa ajue kwanza ripoti ya patholojia ilisema uvimbe wake ulikuwa wa aina gani. Kipimo kinachoweza kumfaa zaidi ambaye saratani yake haitoi AFP ni kile kiitwacho PIVKA-II, kinachotegemea protini ya kugandisha damu iliyotengenezwa kwa kasoro. Chenyewe hushuka haraka baada ya upasuaji, kwa nusu ya siku mbili hadi tatu hivi, ila hupanda kwa mtu anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kwa mwenye upungufu wa vitamini K, na kwa mwenye manjano ya kuziba kwa mirija ya nyongo. Nacho pia hakina maana ikiwa hakikupimwa kabla.

Picha ndizo zenye neno la mwisho, lakini kuna kipindi kigumu ambapo AFP inapanda na picha hazionyeshi kitu. Ultrasaundi ya kawaida haitoshi hapo. Kinachotakiwa ni CT au MRI yenye awamu kadhaa za dawa ya kung'arisha, kwa kuwa saratani ya ini hung'aa mapema dawa inapofika kwenye mshipa wa ateri na kufifia katika awamu za baadaye. Picha ya awamu moja inaweza kupita juu ya uvimbe bila kuuona. Ini likionekana safi, daktari hutazama mapafu, mifupa na tezi za juu ya figo, hurudia AFP baada ya wiki chache, na kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hupima ujauzito kwanza, maana mimba hupandisha AFP kama kawaida yake. Nimesikia mabishano makali ya kifamilia kuhusu kurudi kwa ugonjwa ambayo kipimo cha mkojo cha bei ya soda kingeyamaliza.

Kubana ratiba miaka ya mwanzo kuna sababu yake. Hadi asilimia 70 ya wagonjwa waliokatwa uvimbe wa ini huweza kurudiwa na ugonjwa ndani ya miaka 5. Marudio ya ndani ya miaka 2 ya kwanza mara nyingi hutoka kwenye seli zilizokwisha kusambaa kabla ya upasuaji, na ndiyo maana miongozo ya kimataifa hutaka picha kila miezi 3 hadi 6 katika kipindi hicho, kisha nafasi zirefuke. Familia ambayo mfuko wake hauwezi kubeba CT na AFP kila miezi mitatu imuulize daktari wake wazi ni kipi cha kwanza kwao. Kwa ambaye AFP yake ilikuwa juu kabla ya upasuaji, kipimo cha damu cha bei nafuu kinaweza kujaza pengo kati ya picha mbili. Kwa ambaye haikuwa juu, hakijazi kitu, na ni afadhali akiba hiyo ya miezi mitatu ijumlishwe na ya miezi mitatu mingine kwa ajili ya picha nzuri.

Marudio yanayokuja baada ya miaka 2 huwa na tabia nyingine. Mengi ni saratani mpya zinazoota kwenye ini lile lile lililobaki na makovu na virusi, na kwa sababu hiyo mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) au homa ya ini B hamalizi ufuatiliaji hata akivuka mwaka wa tano: anaendelea na ultrasaundi na AFP kila miezi sita kama mtu mwingine yeyote aliye katika hatari. Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wanaofanya vizuri hulichanganya. Anayepata AFP ya 3 kwa miaka mitatu mfululizo huanza kufikiria kuacha vidonge vya tenofovir, akiona kwamba majibu yake ni mazuri na vidonge vimekuwa mzigo. AFP haipimi virusi. Wingi wa virusi hupimwa kwa kipimo chake, na kuacha dawa ghafla kunaweza kuviamsha vikaliharibu ini lililobaki kabla hata AFP haijasogea.